Kompyuta Iliniuliza

Mwalimu alikuwa akiiambia kompyuta "tafadhali", neno ambalo sisi tuliosoma kwake hatukuwahi kulisikia likielekezwa kwetu. Darasani alisema "Kaa." Alisema "Futa." Alisema "Hilo si jibu, hizo ni kelele." Lakini miaka mingi baadaye, alipokwisha kustaafu kufundisha hesabu na kufungua ofisi ya kuunda programu za kompyuta katika ghorofa ya juu ya nyumba moja pale mtaa wa Ndia Kuu, nilimsikia akitamka kwa sauti kile alichokuwa akikiandika: "Tafadhali soma mpango wote kwanza. Usianze kazi. Niambie ni wapi hukuelewa."

Nikacheka. Akanigeukia.

"Wateka nini, Kadzo?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Adabu hii si yake, ni ya ulimi wangu. Nikizowea kumwamrisha huyu kama punda, kesho nitakuamrisha wewe vivyo hivyo."

"Mbona ulituamrisha hivyo miaka yote ya shule?"

Akafikiri kidogo. "Basi ndiyo maana najua," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Huyo aliyekuwa akimwambia "tafadhali" ni msaidizi wa akili unde, yule anayeishi ndani ya kompyuta na kuandika programu kwa maagizo ya mtu. Alipoingia mjini, vijana wengi wa kazi yetu walimpokea kama jini la chupa. Walimwandikia mstari mmoja, "nitengenezee programu ya duka", kisha wakaenda kunywa chai. Mwalimu hakuwa na imani na majini. Kwake kazi ilikuwa nusu imekwisha kabla msaidizi hajaandika herufi moja. Aliketi na karatasi, akaandika mpango: hatua hii itabadilisha nini, haitagusa nini, tutajuaje kama imekwenda sawa, na ni jambo gani likitokea msaidizi asimame aulize. Hilo la mwisho ndilo alilolipigania kuliko yote.

"Huyu ana bidii kupita mwanafunzi yeyote niliyepata kumfundisha," aliniambia. "Hachoki, haoni haya, na hapendi kukuudhi. Mtu wa namna hiyo usimtume safari bila kumwambia pa kusimama."

Kwa hiyo kila mpango wake ulikuwa na vituo. Msaidizi alifanya hatua moja, akaonyesha. Mwalimu akaijaribu kwenye nakala, si kwenye data ya kweli, halafu mimi nikaijaribu tena kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu: kujaribu kuvunja kilichojengwa. Hatua ikiwa imara, tulikwenda ya pili. Wateja walilalamika kwamba ofisi nyingine zinamaliza haraka. Mwalimu aliwajibu kwamba hata kubomoa nyumba ni haraka kuliko kujenga.

Neno "na kadhalika" alilipiga marufuku. Neno "vizuri" pia. "Usimwambie afanye vizuri," alisema. "Hakuna anayedhani anafanya vibaya. Mwambie vizuri ni nini."

Marufuku nyingine ilitokana na kosa lake mwenyewe, na kwa muda mrefu alipenda kulisimulia. Tulikuwa tukimtengenezea programu ya hesabu ya bidhaa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la kanga katika mtaa wa Biashara. Stoo yake ilikuwa imeingizwa kwenye kompyuta ovyo, kanga ileile imeandikwa mara kadhaa. Mwalimu akaandika katika mpango: "Unganisha bidhaa zinazofanana." Msaidizi akaziunganisha. Tukampelekea mwenye duka nakala aitazame kabla hatujaiweka, naye akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu," akasema, "kanga mbili zina ua moja, rangi moja, mji wa katikati mmoja. Lakini hii jina lake, maneno yaliyoandikwa, lamsifu mama mzazi, na hii jina lake lamchoma jirani. Mtu akija kununua ya kumpelekea mkwewe, mimi nimpe hii ya matusi?"

Mwalimu alicheka hadi akashika meza. Njia nzima ya kurudi ofisini alikuwa akirudia, "Zinazofanana! Zinafanana kwa nini? Nani kasema? Mimi!" Tangu siku hiyo neno "zinazofanana" halikuonekana tena katika mpango wake. Na hakumlaumu msaidizi hata kidogo. Kama mpango una tundu, alisema, usishangae maji yakipita.

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Mwalimu alihubiri utaratibu, lakini akitembea barabarani ungedhani anafukuzwa. Mimi niliye na miguu mirefu nilimfuata nikihema. Alikuwa mpole kwa kompyuta na mkali kwa karani yeyote aliyemkawiza. Na kuna jambo lililonitatiza tangu nikiwa msichana wa darasani, nimetoka bara ya huko Kaloleni, sijui hata kusalimu kwa utaratibu wa watu wa mji. Mtu huyu aliyetaka kila anayefanya kazi asimame aulize, yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa. Shuleni, swali lililokuja baada ya kengele alilichukua kama utovu wa adabu. Ofisini, ukimuuliza kuhusu mpango wake wakati ameshainua mkoba, alikutazama kama umemshika nguo. Alipenda maswali yanayokuja kwa wakati wake. Na maswali, kama wageni, hayachagui saa.

Lililotokea lilitokea katika mwezi wa Ramadhani, wakati wa alasiri.

Tulikuwa na kazi ya kliniki moja ndogo ya macho. Kliniki ilikuwa na wagonjwa wengi wa presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula uwezo wa kuona polepole huku mwenyewe hajui. Dawa yake ni matone ya kila siku, na kupimwa mara kwa mara. Ili watu wasisahau, programu yetu iliwapelekea ujumbe kwa simu: njoo kliniki, matone yako yanakaribia kwisha. Daktari mwenye kliniki akalalamika kwamba ujumbe unawaendea watu waliohama na waliofariki, na jamaa zao wanaudhika. Mwalimu akaandika mpango wa kusafisha orodha. Hatua mojawapo ilisema: asiyefika kliniki kwa nusu mwaka aondolewe kwenye ujumbe.

Hatua za kwanza zilikwenda sawa. Siku hiyo mvua ilikuwa ikiingia, nami nilikuwa nikifunga madirisha. Mwalimu alikuwa amefunga saumu, amechoka, na nyumbani kwake walikuwa wakija wageni kufuturu. Alikuwa ameshavaa buibui yake na mkoba u begani. Msaidizi akasimama. Nilimsikia Mwalimu akisoma kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi yake: "Baadhi ya ambao hawajafika wana alama ya kuhamishiwa hospitali kubwa. Huenda bado ni wagonjwa wa kliniki. Niwaondoe pia, au niwaache?"

Akasonya. Akaandika, akiwa amesimama, akitamka: "Fuata mpango."

Hakuandika tafadhali.

Msaidizi akafuata mpango. Majaribio yangu ya kesho yake yakapita yote, kwa kuwa niliyapima kwa mpango uleule: aliyetakiwa kuondolewa alikuwa ameondolewa. Tukaikabidhi kazi. Daktari akafurahi. Malalamiko yakaisha.

Miezi kadhaa ilipita. Asubuhi moja daktari akapiga simu. Kuna mzee wa Kibokoni, fundi wa kushona kofia kwa mkono, amekuja na jicho la kulia limezimika. Alikuwa amepelekwa hospitali kubwa kutibiwa kwa miale ya leza, akarudi, na tangu arudi hakuna aliyemwita. Kwa nini hayumo kwenye ujumbe?

Nilifungua kompyuta nianze kutafuta. Mwalimu akaweka mkono wake juu ya mkono wangu.

"Usitafute," akasema. "Nakumbuka."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika hivyo bila kusogea. Akavuta kiti, akamwandikia msaidizi mpango mpya, mfupi, wa kuwarudisha wote walioondolewa na alama ile. Kisha akachukua simu, akaanza kuwapigia mmoja mmoja, yeye mwenyewe, hakunipa hata mmoja. Wengi walikuwa salama. Walikuwa wakitibiwa kwingine, au walikuwa na watoto wanaowakumbusha. Wachache walikuwa wamechelewa na wakawahiwa. Kila aliposikia sauti nzima upande wa pili alifumba macho. Lakini la yule mzee halikuwa na dawa. Jicho likishakwenda kwa ugonjwa huo halirudi.

Jioni daktari alikuja ofisini. Alikuwa mtu mwema, naye alitaka kumwondolea mzigo.

"Mwalimu, usijitese," akamwambia. "Mzee naye angekuja mwenyewe. Tutamwambia ni kompyuta. Siku hizi kila mtu anajua kompyuta hukosea."

"Kompyuta haikukosea, daktari."

"Ilifuta watu."

"Kompyuta iliniuliza," Mwalimu akasema. "Iliniuliza vizuri, kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa. Mimi ndiye niliyejibu."

Daktari alipoondoka nilijaribu na mimi. Nilimwambia kwamba nilikuwepo, nililisikia lile swali na lile jibu, na majaribio yalikuwa yangu. Basi lawama tugawane. Alinikatiza kwa sauti yake ya darasani. "Wewe ulikuwa wafunga madirisha, Kadzo. Usinichukulie changu."

Kesho yake tukaenda Kibokoni. Mzee alikuwa ameketi kwenye baraza ya nyumba yake, kofia nyeupe gotini, akiisogeza karibu sana na jicho lililobaki. Mwalimu akamwamkia, wakaulizana hali kwa urefu ule wa watu wa mji, afya, nyumbani, majirani, na mimi nikisikiliza nikijua kwamba kila neno la salamu lilikuwa likimchoma. Kahawa ikaletwa. Ndipo akamweleza. Hakuficha kitu. Alimweleza mpango, swali, na jibu.

Mzee alisikiliza, kichwa ameinamisha upande.

"Kwa hivyo si kwamba nilipona," akasema.

"La, mzee wangu."

"Mimi nilidhani nimepona. Matone yalipokwisha nikangoja simu. Haikuja. Nikasema, hawaniiti tena, alhamdulillahi, basi mato yangu haya mawili yamepoa."

Mwalimu akaitua kahawa yake chini. Mzee akamsogezea kikombe.

"Ni kadari, mwalimu. Lililoandikwa halifutiki. Nimekusamehe duniani na akhera. Kunywa kahawa, itapoa."

Tulipotoka, Mwalimu alitembea polepole. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutembea sambamba naye. "Amenisamehe kabla sijamaliza kusema," aliniambia tulipofika kwenye kona. Nikamwambia hiyo ni baraka. Akatikisa kichwa. "Wewe hukumwona uso. Alinisamehe kama mtu anavyomfungulia mgeni mlango. Ni tabia njema tu. Nimemlia jicho, na yeye ananikaribisha."

Akawa anakwenda kila wiki. Alimpeleka kliniki kwa ajili ya jicho la pili, akamsomea karatasi za daktari, akahakikisha matone yapo. Alinunua kofia zake hata nyumba ikajaa kofia, na yeye ni mjane, hana mwanamume wa kuzivaa, hivyo akazigawa madrasa. Mzee kila mara alimpokea vivyo hivyo, kwa kahawa na dua. "Nishakusamehe, mwalimu, usijisumbue." Na kila mara Mwalimu alirudi ofisini amezidi kuinama.

Watu walitarajia aachane na wasaidizi wa akili unde. Hakuachana nao. "Nikiacha itakuwa nimewatupia wao lawama," alisema. Lakini mkono wake ulibadilika. Mpango ambao zamani ungekaa kwenye karatasi moja sasa ulikuwa mrefu kama hati ya nyumba. Aliweka kituo kila baada ya mstari. Msaidizi akimuuliza jambo dogo, rangi ya kitufe, aliweka vidole juu ya herufi asiandike, kisha akaniita. "Kadzo, ndoo hapa. Huyu aniuliza. Nimjibuje?" Alikuwa akijibu kwa aya tatu swali lililotaka neno moja, na msaidizi, aliyekuwa akijaribu kutii kila neno, akachanganyikiwa, akauliza tena. Hadithi ya kanga mbili hakuisimulia tena, hata mwenye duka alipopita kutusalimu na kuikumbusha.

Wateja wakaanza kutukimbia. Siku moja nilikusanya ujasiri.

"Mwalimu, huu si uangalifu tena. Ni woga."

Nilidhani atanifokea. Alivua miwani, akajisugua macho kwa muda mrefu.

"Unajua kinachoniuma?" akasema. "Mimi nilikuwa nafundisha hili. Nimewasimamisha nyinyi ubaoni miaka na miaka, mtu akikimbilia jibu kabla ya kusikia swali namrudisha kitini. Na msaidizi alifanya kila nilichomwomba. Nilimwomba asimame, akasimama. Nilimwomba aulize, akauliza. Katika chumba kile, asiyefuata mpango nilikuwa mimi."

Mwaka ule ule alinikabidhi ofisi. Alisema amezeeka, jambo ambalo halikuwa kweli. Nimebaki pale juu, na wasaidizi wenye maarifa zaidi kuliko yule wa kwanza, na bado ninaandika mipango kwa mtindo wake, hatua kwa hatua, pa kusimama pawepo. Nimeongeza jambo moja tu: msaidizi akisimama kuuliza, anayejibu lazima awe ameketi. Vijana ninaofanya nao kazi hudhani ni mzaha.

Mara ya mwisho nilipozungumza naye kwa urefu ilikuwa hivi majuzi, adhuhuri, nje ya Ngome ya Yesu. Nilikuwa nimetoka kwa mteja mmoja anayeuza vinyago kwa watalii, nikamwona Mwalimu ameketi peke yake kwenye benchi kivulini, buibui imejaa vumbi magotini. Nikaharakisha, nikidhani ameanguka.

"Shikamoo, Mwalimu. Kuna nini?"

"Marahaba. Keti." Macho yake yalikuwa mekundu. "Natoka kwa mzee. Leo amenitukana."

Nikaketi.

Akanieleza. Mjukuu wa yule mzee anaolewa, na mzee alikuwa ameahidi kumshonea bwana harusi kofia kwa mkono wake, ya mwisho, ya kazi nzuri. Asubuhi hiyo sindano ilimponyoka. Akapapasa sakafuni, hakuiona. Mwalimu akapiga magoti amsaidie kuitafuta, akaiona mbele kabisa ya mkono wa mzee, upande wa jicho lisiloona, akamwekea kiganjani. Hapo mzee akausukuma mkono wake.

"Akaniambia, toka! Akasema, umeniharibia jicho, sasa waja kuniokotea sindano ili ujisikie mtu mwema? Alipiga kelele, Kadzo. Majirani wakatoka. Maneno ambayo sitayasema mbele yako. Mimi nimepiga magoti palepale, sijui niondoke au nibaki."

"Pole, Mwalimu."

"Ngoja." Alishika kifundo cha mkono wangu. "Alipochoka akaniuliza jambo ambalo hajawahi kuniuliza. Akasema: siku ile ulikuwa na haraka ya nini?"

Baharini kulipigwa honi ya meli, akangoja ikome.

"Nikamwambia kweli. Nikamwambia nilikuwa na wageni wa kufuturu, na nyumbani hakuna tambi, nataka kuwahi duka kabla halijafungwa. Akasema, tambi? Nikasema, naam, tambi. Akarudia, jicho langu kwa tambi. Kisha akalia. Nami nikalia. Tumelia pale barazani kama watoto, na jirani zake wanatutazama."

Nilimtazama. Alikuwa amechoka, lakini mabega yake hayakuwa yale niliyoyazoea miaka hii ya mwisho. Nilitaka afarijike, kwa hiyo nikauliza lile nililodhani anangoja kuulizwa.

"Mwishoni akakwambia amekusamehe?"

"Hakusema." Alisimama, akajipangusa vumbi magotini, akainua mkoba wake. "Kwa mara ya kwanza, hakusema. Nilipofika mlangoni aliniita tu, akaniambia matone yake yanakwisha Jumatano."

Akaniaga, akaelekea kliniki.